Kidole Gumba Kilichofutwa

Itazame tena ile picha maarufu ya “Migrant Mother”, iliyopigwa na Mmarekani Dorothea Lange mwaka 1936: mama ameketi chini ya turubai huko Nipomo, California, mkono wa kuume umegusa shavu, watoto wawili wamemwegemea mabegani na kuigeuzia kamera visogo, na mchanga amelala mapajani. Sasa shusha macho mpaka pembe ya chini, upande wa kulia. Hapo palikuwa na kidole gumba kilichoshika mti wa hema. Kilikuwa karibu na lenzi, nje ya fokasi. Mwaka 1939 Lange aliagiza kifutwe kwenye negativu, yaani filamu yenyewe inayotoa nakala. Kikafutwa, ila si sawasawa. Ukipata nakala nzuri bado unakiona, kama kivuli cha kijivu.

Kidole hiki kimenikera kwa wiki kadhaa.

Kuna upande unaonivuta kusema Lange alifanya sawa. Kidole kile kilikuwa kinaiba jicho. Kitu cheupe kilichojitokeza pembeni mwa fremu huvuta jicho hata kama hakina habari yoyote, na jicho likishavutwa pembeni, uso unapoteza nguvu. Upande wa pili unaniambia kwamba kilikuwapo, na picha ya ushahidi haifutwi. Nimezipima hoja hizi mbili mara nyingi, na kila nikidhani nimeegemea moja, ya pili inarudi.

Fremu zilizotangulia

Kilichonisaidia ni kuziangalia fremu nyingine za siku ile. Lange hakupiga moja. Alikuwa na kamera ya Graflex inayotumia negativu za inchi 4 kwa 5, kifaa kizito kinachokulazimisha kufikiri kabla ya kila fremu, na alipiga kadhaa huku akisogea.

Fremu za mbali zina hema zima, ardhi, sanduku la safari, na binti mkubwa aliyekaa kwenye kiti. Ni picha za habari: unaona watu hawa wanaishi wapi na wana nini. Huzuni ipo, lakini imetawanyika. Jicho linaruka kutoka kwa binti kwenda kwenye sanduku, kisha kwenye turubai, na halitulii popote.

Kadiri anavyosogea, vitu vinatoka. Linatoka sanduku. Anatoka binti. Mwishowe inatoka hata ardhi.

Inabaki picha tunayoijua, na sababu za nguvu yake zinaweza kutajwa moja moja. Kuna watu wanne lakini uso unaoweza kuusoma sawasawa ni mmoja. Mtu yeyote akitazama picha yenye watu, jicho lake hutafuta nyuso kwanza, na zikiwa tatu zinazoangalia kamera, hisia inagawanyika kwa tatu. Kwa kuwa watoto wamegeuka, jicho halina pengine pa kwenda ila kwa mama. Mkono unaopanda shavuni unalisindikiza hadi pale. Mama mwenyewe haangalii kamera, anaangalia kitu tusichokiona, nasi tunaanza kukijaza wenyewe. Mwanga ni laini, wa chini ya turubai, hauna kivuli kikali kinachokata uso, kwa hiyo mikunjo ya paji la uso inaonekana yote bila kutiwa chumvi.

Ndipo swali la kidole linapobadilika. Binti mzima ameondolewa na hakuna anayelalamika. Kidole kimoja kimeondolewa, na watu wamekijadili kwa miongo mingi.

Kuchagua na kufuta

Jibu la kawaida ni kwamba kuchagua fremu ni haki ya mpiga picha, na kufuta baada ya shata (kilango cha kamera kinachoingiza mwanga) kufyatuka ni udanganyifu. Taaluma imejengwa juu ya mstari huo. Mashindano ya World Press Photo hayaruhusu kuongeza, kuhamisha wala kuondoa kitu ndani ya picha, ingawa yanaruhusu kukata kingo. Jarida la National Geographic lilipozisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye jalada la Februari 1982, lilishutumiwa kwa miaka.

Naukubali mstari huo. Bila huo, msomaji hana cha kushika.

Lakini mstari huo unamlinda msomaji dhidi ya uongo mdogo na kumwacha wazi mbele ya ule mkubwa. Unaweza kupiga picha isiyoguswa hata nukta moja na bado ukampotosha kila atakayeiona, kwa sababu maana haikai ndani ya fremu peke yake. Inatoka mahali uliposimama, mwanga uliouchagua, picha uliyoiweka jirani, na maneno uliyoandika chini.

Katika picha ya Lange, kitu kikubwa kilichoachwa hakikuwa kidole. Kilikuwa jina.

Maelezo yaliyoambatana na picha yalitaja wachuma njegere mafukara, mama wa watoto saba, umri miaka 32. Basi. Mama huyo alikuwa Florence Owens Thompson, Mcherokee aliyezaliwa Oklahoma na kuhamia California miaka kama kumi kabla ya picha. Wasomaji walimpokea kama mkimbizi mweupe aliyetoka juzi juzi kwenye ukame wa katikati mwa Marekani wa miaka ile, kwa sababu hakuna neno lililowaambia vinginevyo. Picha zilipotoka kwenye gazeti la San Francisco News, kambi ya Nipomo ilipelekewa chakula cha uzito wa pauni 20,000, kama tani 9, lakini yeye na wanawe walikuwa wamekwisha kuondoka. Jina lake lilijulikana kwa umma mwaka 1978, na alichosema wakati huo ni kwamba alitamani asingepigwa picha ile.

Lange hakumuuliza jina. Hilo linaniuma kuliko kidole.

Umbali ni tabia

Turudi kwenye mambo ya mikono, kwa sababu hisia nyingi zinazodhaniwa ni kipaji hutokana na mita na sentimita.

Watu husema lenzi ndefu, ile ya kuvuta vitu vya mbali, "inabana" mandhari ya nyuma. Kinachobana ni umbali. Ukisimama mita 15 kutoka kwa mtu na mti ulio nyuma yake mita 5, tofauti ya umbali kati yao machoni pako ni ndogo, kwa hiyo mti unaonekana umemkaribia. Ukisogea hadi mita 1, mti uleule unarudi nyuma na kuwa mdogo. Lenzi inakata tu sehemu ya kile ambacho umbali umekwisha kukiamua. Ndiyo maana picha ya lenzi ndefu ya milimita 200 mara nyingi humpa mtazamaji hisia ya kuchungulia, na ya lenzi pana ya milimita 35 kutoka hatua mbili humpa hisia ya kuwa pale, hata kama uso unachukua nafasi ileile kwenye fremu.

Simu ina tatizo lake. Lenzi yake kuu huwa pana, sawa na milimita 24 hadi 26, na mpigaji anayetaka uso ujaze fremu hujikuta yuko sentimita 30 au 40 kutoka puani. Pua inakua, masikio yanarudi nyuma, na mtu anaonekana kama anakurukia. Rudi nyuma mpaka mita 1.5 au 2, kisha tumia lenzi ya pili au kata picha baadaye. Uso unatulia mara moja.

Kimo ni kikali zaidi ya umbali. Chukua mtoto wa miaka mitano. Mpige ukiwa umesimama, yeye akikutazama juu: macho yanakuwa makubwa, mwili unasinyaa kuelekea miguuni, anaonekana anaomba. Piga goti ili lenzi iwe usawa wa macho yake. Mtoto yuleyule, nguo zilezile, dakika ileile, sasa ni mtu anayekuangalia na kukupima. Picha nyingi za kuchangisha fedha zimepigwa kutoka juu, na sidhani kila aliyezipiga alikusudia kumdhalilisha mtu. Wengi hawakupiga goti tu. Aliye kwenye picha hawezi kujua kama ulikusudia au hukukusudia. Madhara ni yaleyale.

Kisha kuna ukungu wa nyuma, ambao siku hizi simu nyingi zinautengeneza. Kwenye kamera, uwazi wa lenzi wa f/1.8 (namba ndogo, tundu kubwa) unafanya mandhari yayeyuke na uso ung'ae, na kwa picha ya kumbukumbu ya sherehe hakuna ubaya. Ila kama mtu ni fundi, ukungu huo umefuta karakana yake. Funga mpaka f/5.6. Utapoteza mwanga wa stopu tatu na kitu hivi (kila stopu ni mwanga kupungua nusu), kwa hiyo ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ya 200 itabidi ipande hadi karibu 2000 kama kasi ya shata inabaki vilevile, na picha itakuwa na chembechembe kidogo. Zivumilie. Mtazamaji husamehe chembechembe, lakini hawezi kuona kitu ambacho hakikurekodiwa.

Ngozi na kijivu cha kati

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo picha nyingi za watu wenye ngozi nyeusi zinapoharibikia, na uharibifu huo una maana yake.

Mita ya kamera haijui inaangalia nini. Inapima mwanga unaoingia na kudhani kwamba vyote vikichanganywa vinatoa kijivu cha kati. Mweke mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe au anga: mita inaona weupe mwingi, inashusha mwangaza, na uso unazama kwenye giza. Macho yanapotea, na yakipotea macho, mtu naye amepotea kwenye picha yake mwenyewe. Hapo ongeza mwangaza kwa stopu 1 hadi 1.7. Kwenye simu, gusa uso, shikilia mpaka mwangaza ufungwe, kisha sogeza alama ya jua juu. Ukuta utapauka kidogo. Acha upauke.

Kosa la upande wa pili halizungumzwi sana. Ukitumia kipimo cha nukta na kukielekeza kwenye shavu jeusi peke yake, kamera itajaribu kulifanya kijivu, na ngozi itatoka imechujuka. Pale unapunguza, theluthi mbili ya stopu hadi stopu nzima.

Ila mwangaza sahihi hautoshi, unahitaji pia umbo. Ngozi nyeupe huonyesha umbo lake zaidi kwa vivuli. Ngozi nyeusi huonyesha kwa mng'ao: mstari wa mwanga kwenye taya, juu ya shavu, pembeni mwa pua. Kwa hiyo chanzo cha mwanga kiwe kikubwa na cha karibu. Dirisha lililo mita 1 kutoka kwa mtu, naye amegeuka nusu, hutoa mng'ao mpana unaotambaa taratibu usoni. Upande wa pili weka kibao cheupe ili kivuli kisife kabisa. Flashi ndogo ya mbele hutoa doa moja kali kwenye paji la uso na kuacha sehemu nyingine bapa. Na usijaribu kuyarekebisha haya baadaye kwa kuvuta vivuli kwenye programu. Giza lisilo na taarifa likivutwa hutoa rangi ya majivu, na hakuna kitelezi kitakachoirudisha ngozi.

Tatizo hili lina historia. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia filamu zilisawazisha rangi kwa kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kama kadi ya Shirley. Mashine ikishasawazishwa kwa ngozi ile, ngozi nyingine zilitoka zilivyotoka.

Na giza lina maana hata pale linapowekwa makusudi. Juni 1994 majarida mawili ya Marekani, Time na Newsweek, yaliweka jaladani picha ileile ya polisi ya O. J. Simpson, nyota Mweusi wa zamani wa futiboli ya Kimarekani aliyetuhumiwa mauaji. Newsweek waliiacha ilivyokuwa. Time waliifanyia giza. Hakuna kilichoongezwa wala kuondolewa, pua ni ileile na macho ni yaleyale, lakini ukiyaweka majalada hayo mawili sambamba, moja linamwonyesha mtuhumiwa na jingine limeshamhukumu. Time walilazimika kuomba radhi.

Mtu aliyeitia giza picha ile hakufuta hata kidole. Kwa kanuni ya kuondoa na kuongeza peke yake, angepita.

Jirani wa picha

Mwanzoni mwa karne iliyopita mwongoza filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, aliunganisha uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin na picha tofauti: sahani ya supu, jeneza, mwanamke aliyejilaza. Uso haukubadilika. Watazamaji, kama ilivyosimuliwa baadaye, walisifu jinsi mwigizaji alivyoonyesha njaa, kisha msiba, kisha tamaa. Filamu yenyewe haipo tena, na watafiti waliorudia jaribio hilo hawakupata wote matokeo yanayofanana, kwa hiyo silishiki kama sheria. Lakini yeyote aliyewahi kupanga picha kwenye ukurasa anajua kuna ukweli ndani yake.

Jaribu. Chukua picha ya mzee anayetazama dirishani. Iweke kabla ya picha ya kitanda kitupu, kisha kabla ya picha ya watoto wanaocheza uani. Hujagusa chochote kwenye uso wa mzee, lakini katika mpangilio wa kwanza ameomboleza na katika wa pili anakumbuka. Kama unapanga picha kumi za tukio, usiulize tu ipi nzuri. Uliza kila picha inaifanya nini inayoifuata, maana picha kali mbili zikifuatana mara nyingi zinauana, na picha tulivu ya mikono au ya chumba kitupu katikati yake huipa ya pili nafasi ya kuingia.

Maneno nayo ni jirani, na ndiye jirani mwenye nguvu kuliko wote. Mrusi mwingine, mtafiti Alfred Yarbus, alirekodi mwendo wa macho ya mtu akitazama mchoro mmoja wa Ilya Repin, unaoonyesha mtu aliyerudi nyumbani bila kutarajiwa. Alipomtaka akadirie umri wa watu, macho yalikwenda usoni. Alipomuuliza kuhusu hali ya mali ya familia, macho yalizunguka kwenye samani na mavazi. Mchoro uleule, njia tofauti kabisa.

Maelezo ya picha hufanya kazi ileile: yanamuuliza msomaji swali, na jicho linaenda kutafuta jibu.

Swali ambalo picha ilishindwa kulijibu

Tarehe 26 Machi 1993 gazeti la New York Times lilichapa picha iliyopigwa na Kevin Carter huko Sudan: mtoto aliyedhoofu ameinamia ardhi, na nyuma yake tai anangoja. Wasomaji wengi waliwasiliana na gazeti wakiuliza jambo moja. Mtoto alikuwaje baadaye? Siku chache baadaye, tarehe 30, wahariri walilazimika kuchapa taarifa kwamba tai alifukuzwa, mtoto akapata nguvu ya kuendelea na safari, na haikujulikana kama alifika kituo cha chakula. Mwaka uliofuata picha ilipata tuzo ya Pulitzer.

Kwa ufundi, picha ile ina vitu viwili tu, mtoto na tai, na ardhi tupu kati yao. Hakuna mtu mwingine ndani ya fremu. Kwa hiyo mtazamaji anaona hakuna mwingine duniani, na mtu pekee aliyebaki kulaumiwa ni aliyeshika kamera. Utupu ulioipa picha nguvu ndio huohuo ulioielekeza hasira ya watu. Siamini kwamba haikupaswa kupigwa. Naamini ilihitaji sentensi tatu zaidi pembeni yake siku ileile ya kwanza: nani mwingine alikuwapo, kituo kilikuwa umbali gani, nini kilifuata.

Hizo sentensi zinaandikwa uwanjani. Ukirudi nyumbani zimeshapotea. Kabla hujaondoka mbele ya mtu uliyempiga, muulize jina na umwombe akuandikie mwenyewe au akutamkie kwenye kinasa sauti, maana tahajia ya kubahatisha humfanya mtu mwingine. Muulize pia anataka aelezwe vipi. "Mkimbizi" na "mwalimu aliyekimbia vita" vinaweza kumhusu mtu yuleyule, na yeye ndiye anayejua kipi kinamtangulia. Andika kilichotokea dakika chache kabla na baada ya fremu. Mwonyeshe picha kwenye kioo cha kamera. Akikataa, heshimu, na kama ni mtoto, ruhusa ni ya mzazi au mlezi, lakini uso wa mtoto mwenyewe utakuambia kama anataka au hataki.

Kisha maelezo yaingie ndani ya faili lenyewe, kwenye sehemu za IPTC (nafasi za maandishi zilizomo ndani ya faili la picha) ambazo programu nyingi za kuhariri picha zinazo: maelezo, mahali, tarehe, mpiga picha. Hapo yanasafiri pamoja na picha, angalau mpaka mtu aitume kwa programu ya ujumbe. WhatsApp hubana picha ya kawaida na kuyaondoa hayo yote njiani, na picha inafika upande wa pili bila jina la aliye ndani yake wala la aliyeipiga. Ukiituma kama waraka badala ya picha, faili linafika zima. Kama huna hakika mpokeaji atalifungua hivyo, nakili maelezo yote uyaandike kwenye ujumbe uleule, chini ya picha. Ukiyatuma kwa ujumbe wa pili, picha itasambazwa peke yake na maneno yatabaki nyuma.